Taa za ndani za gari langu la umeme hazizimi nikifunga milango, na betri ndogo imeshakufa mara 2

Kitindamimba

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa jambo linaloninyima usingizi, na sisemi kwa mafumbo: usiku naamka kabisa kwenda dirishani kuangalia kama taa za gari zimezima.

Gari langu ni la umeme, dogo, milango 4 na wa buti. Nililinunua likiwa limeshatumika miaka 6. Wiki 3 zilizopita nikaanza kuona kwamba nikishuka na kufunga milango, taa za dari, ya mbele na ya katikati, hazififii kama nilivyozoea. Zamani zilikaa kama sekunde 15, kisha zikafifia polepole mpaka giza. Sasa zinabaki zinawaka. Nikibonyeza rimoti, nasikia loki zinagonga milango yote, lakini taa ziko vile vile. Siku nyingine zinazima zenyewe baada ya dakika 10 hivi, siku nyingine nachungulia baada ya nusu saa nazikuta bado.

Nililichukulia kuwa ni suala la taa tu. Alhamisi ya wiki iliyopita ndipo nilipojua uzito wake. Mama yangu anasafishwa damu kwa sababu ya figo, mara 3 kwa wiki, na zamu yake kwenye mashine ni saa 1 asubuhi. Saa 12 kasorobo nimesimama naye kando ya gari nimemshika mkono, nabonyeza rimoti, kimya. Navuta kitasa, hakiitiki. Nikatoa ule ufunguo wa chuma unaofichwa ndani ya rimoti, nikafungua mlango wa dereva kwa mkono. Ndani giza, skrini nyeusi. Nakanyaga breki nabonyeza kitufe cha kuwasha, hakuna hata mlio. Na usiku wake nililiacha likiwa na asilimia 78 kwenye betri kubwa! Nikakimbilia waya wa chaji nikachomeka, nikiamini likipata umeme litazinduka. Halikuzinduka. Hata kile kitaa cha kwenye tundu la chaji hakikuwaka. Tukatafuta usafiri mwingine, Mama akafika amechelewa dakika 40. Hakulalamika, lakini nilimwona jinsi alivyokuwa akiangalia saa ya ukutani.

Jirani alikuja mchana na waya za kubusti, akaibusti ile betri ndogo ya volti 12, na gari likaamka papo hapo kama halikuwa na neno. Jumapili asubuhi likarudia.

Nilichokwisha kufanya ni hiki. Swichi ya taa ya dari ina nafasi 3, na yangu iko katikati penye alama ya mlango, kama ilivyokuwa siku zote. Jumatatu usiku niliisogeza kwenye kuzima kabisa. Taa zikazima, nikalala nikijua nimepona. Asubuhi nikapima betri ndogo kwa mita ya kuazima: volti 11.9. Kwa hiyo kumbe kuna kitu kingine kinakunywa umeme hata taa zikiwa zimezimwa. Skrini inaniambia milango yote imefungwa, ila mara 2 nikiwa napita kwenye matuta picha ya mlango wazi ilitokea na kutoweka kabla sijaona ni mlango upi.

Nianzie wapi? Na je, naweza kugusa mwenyewe? Kila ninayemuuliza ananiambia gari la umeme usiliguse, umeme wake unaua.

Dereva wa Zamu

Pole sana ndugu, na pole kwa Mama. Langu lilinisumbua hivyo hivyo nikachomoa fyuzi ya taa za ndani. Angalia mchoro ulio nyuma ya kifuniko cha fyuzi, chomoa, basi. Usiku nikitafuta kitu natumia tochi ya simu. Mwaka wa pili huu.

Fundi Waya

Kitindamimba, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniletea magari, kwa hiyo na mimi nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza hofu ya kupigwa na umeme. Ndani ya gari lako kuna mifumo 2. Upo wa betri kubwa, wa mamia ya volti, na huo ndio unaoua. Nyaya zake zimevikwa ganda la rangi ya machungwa ili kila mtu azijue. Hizo usiziguse, usizifungue, usizisogeze. Mfumo wa pili ni wa volti 12, ule ule wa gari lolote: taa, loki, vioo, redio, kompyuta ndogo ndogo. Tatizo lako liko huku. Volti 12 hazitakupiga, lakini spana ikigusa nguzo chanya na bodi kwa pamoja itatoa cheche za kukuunguza, kwa hiyo vua pete na saa. Na ukifungua ubao wa mlango ukakuta soketi za njano, ziache kama zilivyo, hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa.

Sasa kwa nini gari lenye asilimia 78 lilikufa. Betri kubwa ikiwa imepumzika huwa imekatwa kabisa na gari. Kinachoiunganisha ni swichi nzito zinazoitwa kontakta, na kontakta hizo zinavutwa na umeme wa volti 12. Betri ndogo ikiisha, hakuna wa kuzivuta, na kompyuta inayozungumza na chaja nayo haina umeme. Ndiyo maana ulipochomeka waya hakuna aliyeitika. Jirani alipobusti, kontakta zikagonga, konvata ikaanza kushusha umeme wa betri kubwa na kuijazia betri ndogo, mambo yakaendelea. Kwa hiyo betri yako kubwa haina kosa hata kidogo.

Halafu tupige hesabu, maana umetuletea ushahidi mzuri wa Jumatatu usiku. Balbu ya wati 5 inavuta kama ampea 0.4. Zikiwa 2 ni 0.8. Tuseme betri yako ndogo ni ya ampea-saa 40 na ni nzima: taa hizo peke yake zingehitaji saa 50 kuimaliza. Yako inakufa usiku mmoja. Na ulipozima taa bado ilishuka mpaka 11.9, ambayo kwa betri ya risasi ni karibu tupu (iliyojaa husoma 12.6 au 12.7, nusu ni 12.2 hivi). Taa inakuonyesha tu kwamba gari halijalala. Ukilifunga vizuri, kompyuta zake huzima moja baada ya nyingine, na baada ya nusu saa hivi gari zima linavuta chini ya miliampea 50. Lakini likiamini kuna mlango uko wazi, linakaa macho likikusubiri, na likiwa macho linaweza kuvuta ampea 4 au zaidi. Ampea 4 kwa saa 10, hiyo ndiyo betri yako yote.

Ndugu yangu Dereva wa Zamu, kwa hiyo fyuzi siishauri. Inaondoa mwanga, gari linabaki macho vile vile, na zaidi ya hapo fyuzi ile mara nyingi inalisha na vitu vingine. Wewe umesalimika labda kwa sababu unaendesha kila siku na betri inajazwa kabla haijaisha. Liache siku 4 bila kuliwasha uone.

Kwa hiyo kazi ni kutafuta mlango unaodanganya. Magari ya zamani yalikuwa na kitufe cha mpira kwenye nguzo ya mlango, unakibonyeza kwa kidole taa inazima. Magari ya siku hizi swichi ni kitu kidogo kama punje ya mahindi, kimejificha ndani ya loki yenyewe. Huwezi kukiona, lakini unaweza kukijaribu hivi. Fungua mlango mmoja tu, mingine ifungwe. Tazama ukingo wa mlango, utaona ndoana ya chuma inayokamata ile pete ya kwenye nguzo. Sukuma ndoana hiyo kwa bisibisi, kana kwamba pete imeingia. Itagonga mara 2: mlio wa kwanza ni wa kushikilia tu, wa pili ndio wa kufunga. Baada ya mlio wa pili gari linatakiwa liamini mlango umefungwa, na taa zianze kufifia. Rudia kwa kila mlango na uandike unachoona. Na nakuomba sana, kabla ya kuufunga mlango vuta kitasa ili ndoana ifunguke. Nimeona watu wameubamiza mlango juu ya ndoana iliyofungwa, wakaharibu loki nzima.

Ukiupata mlango, mara nyingi dawa ni ndogo: grisi ya zamani imekauka na vumbi, swichi hairudi. Pulizia kisafishio cha viungo vya umeme ndani ya loki, igongeshe kwa bisibisi mara 20 au 30, acha ikauke, kisha weka grisi nyepesi. Usipulizie yale mafuta mazito ya minyororo, yanakusanya vumbi jingine.

Wakati unatafuta, kuwa na tahadhari moja. Ukitaka kuchomoa betri ndogo usiku ili isife, zima gari, hakikisha halichajiwi, anza na waya wa hasi. Na kama kifuniko kilichoifunika betri kinafunguka kwa umeme, usikifunge! Utakuwa umeifungia betri ndani na ufunguo wake ni betri yenyewe.

Nyota ya Asubuhi

Kaka, mimi si fundi, ila niliteseka miezi 2 na jambo hili, na aliyekuwa ananidanganya alikuwa mlango wa buti. Ulikuwa unafunga vizuri kwa macho. Nikaiacha simu ndani inarekodi video, nikafunga, nikasubiri dakika 5. Kwenye video taa ya buti haikuzima kabisa. Fanya hivyo hivyo na kile kisanduku cha mbele ya abiria, kina kitaa chake ambacho watu hukisahau.

Pia naomba nikuulize bila kukusudia ubaya: Mama anakaa kiti gani? Mama yangu mimi hufunga mlango kwa upole mno, anausukuma mpaka unagusa tu. Unaishia kwenye mlio wa kwanza halafu unaonekana umefungwa.

Kitindamimba

Ahsanteni sana, nimesoma majibu yenu mara 3. Dada Nyota, hujanikosea kitu. Mama anakaa nyuma kushoto kwa sababu pale ndipo kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Ni kweli anafunga kwa upole. Kesho yake nikasimama nje nikasikiliza anavyofunga, nikasikia milio yote 2, tena nikavuta mlango haukucheza. Taa zikabaki zinawaka. Kwa hiyo nikamtoa Mama kwenye kesi.

Simu nimeiacha kwenye buti na kwenye kisanduku, kote giza lilikuja lilipotakiwa kuja.

Jioni nikafanya jaribio la bisibisi. Mlango wa dereva: mlio wa pili, taa zikafifia. Abiria wa mbele: zikafifia. Nyuma kulia: zikafifia. Nyuma kushoto: hakuna. Nikagongesha ndoana tena na tena, taa zikabaki zinawaka. Nikapulizia kisafishio kama Fundi alivyosema, grisi nyeusi ikatoka imechanganyika na mchanga laini, nikaigongesha mara 30, nikaacha saa nzima. Taa zikafifia! Nilimwita Mama aje aone. Usiku ule betri ililala 12.6 ikaamka 12.5.

Siku 3 mambo yakawa mazuri. Jana jioni tumetoka hospitali, nimefunga milango, taa zimerudi kuwaka. Nimesafisha tena leo na hakuna mabadiliko. Nimefika mahali nataka kununua loki mpya, lakini kabla sijanunua nimeona niwaulize. Kuna kitu kimoja nimekiona ambacho sijui kama kina maana: nikifungua mlango ule nusu, nikafunga ndoana kwa bisibisi, taa zinazima. Nikiufungua mpaka mwisho, na ndoana ikiwa bado imefungwa, zinawaka.

Fundi Waya

Usinunue loki. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu.

Swichi iliyo ndani ya loki haijui mlango umefunguliwa nusu au wote. Kinachojua ni waya. Kati ya mlango na bodi, upande wa bawaba, kuna mpira wenye mikunjo, mnene kama kidole gumba, na ndani yake zinapita nyaya zote za mlango ule. Kila ukifungua mlango nyaya zinanyooka, ukifunga zinapinda. Baada ya miaka waya mmoja unakatika ndani, shaba imeachana lakini ganda la nje ni zima, kwa hiyo mlango ukiwa katika pembe fulani ncha zinagusana, pembe nyingine zinaachana. Hayo matuta uliyoyasema mwanzo, picha ikatokea ikatoweka, nilitakiwa niyasikie tangu siku ile.

Fanya hivi. Mlango uwe wazi, ndoana imefungwa kwa bisibisi. Shika mpira ule, uupinde huku na huku taratibu, msaidizi wako aangalie taa. Zikipepesa, umefika. Chomoa betri kwanza kabla hujagusa waya wowote. Kisha uvue mpira upande wa bodi, umeshikiliwa na midomo yake tu, ukivuta kwa vidole unatoka. Vuta kila waya mmoja mmoja kwa upole. Ulio mzima hautavutika. Uliokatika ganda lake litavutika kama mpira na utajua.

Ukiupata, usiuunganishe pale pale kwa kuchomelea risasi na kuufunga kwa utepe. Risasi inaufanya waya uwe mgumu, na mahali panapopinda kila siku waya mgumu utakatika pembeni ya kiungo ndani ya wiki chache. Kata kipande chote kilichochoka, uunge waya mpya laini wenye nyuzi nyingi, wa unene ule ule, na viungo vyako vyote 2 viwe nje ya sehemu inayopinda, kimoja ndani ya mlango na kingine ndani ya bodi. Vifunge kwa vibano vya shaba na mpira unaosinyaa kwa joto. Uache waya uwe mrefu kidogo kuliko zamani, usibane.

Na waya ukikatika mmoja kwenye mpira, kagua na jirani zake kabla hujaufunga.

Dereva wa Zamu

Fundi, nimekusoma. Nimerudisha fyuzi jana usiku. Taa zikawaka na zikabaki. Nimejaribu bisibisi, langu ni mlango wa abiria wa mbele. Wikiendi nasafisha.

Kitindamimba

Narudi na habari, na nitaandika kila kitu maana najua kuna mtu atakuja kutafuta jambo hili saa 8 za usiku kama nilivyotafuta mimi.

Mpwa wangu alikaa ndani kuangalia taa, mimi nikashika mpira. Sikuupinda hata mara 3. "Mjomba, zinapepesa!" Nikachomoa betri, hasi kwanza, nikaacha boneti wazi na milango yote wazi. Nikavua mpira. Ndani kulikuwa na nyaya 9. Nikazivuta moja moja, na wa 6, mwembamba wa kahawia wenye mstari mweupe, ukavutika mkononi mwangu kama Fundi alivyosema. Nikauchana ganda kwa wembe. Shaba imekatika kabisa, na ncha zote 2 zimegeuka kijani, kijani cha sarafu iliyokaa kwenye maji. Ndani ya mpira kulikuwa na unyevu, kwa sababu mdomo wake wa chini ulikuwa umechomoka kidogo na maji ya kuoshea gari yalikuwa yanaingia. Waya wa pili, mweusi, ganda lake limepasuka lakini shaba bado ni nzima. Nimebadilisha yote 2.

Nilipokuwa nimepiga magoti pale nikaelewa kwa nini ni mlango huu na si mwingine. Milango mingine mitatu tunaifungua kiasi cha mtu kupita. Wa Mama unafunguliwa mpaka unagota, kila safari, kwa sababu hawezi kushusha mguu mmoja mmoja. Anageuka kwanza, anatoa miguu yote 2 kwa pamoja, anashika mlango kwa juu, ndipo anainuka. Kwenda na kurudi, mara 3 kwa wiki, na mlango ule ukiwa umebeba uzito wake. Nyaya zilikuwa zinavutwa mpaka mwisho wake kila mara, na zile fupi ndizo zilizotangulia kukatika.

Viungo nimeweka vyote nje ya mikunjo kama nilivyoelekezwa. Cha ndani ya mlango kilinichukua saa nzima, maana ilibidi nitoe ubao wa mlango na nivunje kibanio kimoja cha plastiki. Nilizikuta soketi za njano, sikuzigusa. Waya mpya nimeuacha mrefu kwa upana wa vidole 2. Mpira nimeurudisha na midomo yake nimehakikisha imekaa pande zote, nikaumwagia maji ya kopo kuona kama yanaingia.

Nikarudisha betri. Nikafunga mlango. Nikahesabu kwa sauti, na nilipofika 16 taa zikaanza kufifia. Nikaufungua mpaka unagota, nikafunga ndoana kwa bisibisi, zikafifia. Nikautikisa, zikabaki giza.

Fundi, nilipima na ule umeme wa kulala. Rimoti niliiweka chumba cha mbali ili isiliamshe gari, ndoana ya mlango wa dereva nimeifunga kwa bisibisi, mita iko kwenye waya wa hasi, tundu la ampea 10. Mwanzo ilisoma ampea 4.6. Baada ya dakika 7 ikashuka mpaka 1.2. Dakika ya 24 nikaona 0.03, na haikupanda tena. Nilikaa pale nikiiangalia dakika 10 zaidi.

Betri ndogo nimeibadilisha hata hivyo. Kufa mara 2 kulikuwa kumeiumiza: niliijaza mpaka 12.6, nikaiacha imechomolewa kabisa juu ya meza, kesho yake ikasoma 12.1. Ile ya zamani sikutaka kuibakiza kwenye gari la Mama.

Kitu kimoja bado nakihitaji kwenu. Nataka kumfungia Mama mshikio wa kuinukia ili asiutegemee mlango. Nimeona vipo vya chuma vinavyoingia kwenye ile ile pete ya loki ya kwenye nguzo, unakichomeka akishuka na kukitoa akikaa. Kuna mtu amekitumia kwa mzazi wake? Kinachonitia wasiwasi ni pete yenyewe, kama itahimili uzito bila kupinda na kuniletea mlango usiofunga.

Nyota ya Asubuhi

Kaka, nimefurahi mpaka nimemwonyesha mume wangu. Mshikio huo tunao, mwaka wa 3 sasa kwa mama mkwe, ana kilo 82. Pete ya loki imetengenezwa kushikilia mlango gari likigongwa, kwetu haijapinda hata kidogo. Ila hakikisha kichwa cha mshikio kinaingia chote na kinaelekea ndani, na muonyeshe Mama akiinukie kwa kusukuma chini, asikivute kwa nje. Zoezini wakati hamna haraka, si asubuhi ya hospitali.

Kitindamimba

Ahsante dada. Tutazoeza Jumapili mchana, gari likiwa limesimama kivulini na mlango umefunguliwa nusu tu.